Jana ilikuwa inafanya kazi: kusaka tatizo pale maktaba inapobadilisha hoja zake

"Sijagusa kitu." Karibu kila anayeomba msaada huanza na maneno hayo, na mara nyingi anasema kweli. Msimbo ni uleule wa mwezi uliopita. Ila seva imehamishwa, au kontena (kifurushi kinachobeba programu pamoja na mazingira yake) limejengwa upya, au kijana mpya ofisini ameandaa kompyuta yake, na programu iliyokuwa ikienda vizuri sasa inatapika mistari arobaini ya makosa. Au haitapiki chochote na inatoa majibu yasiyo sahihi, jambo ambalo ni baya zaidi.

Kilichobadilika ni maktaba unayoitegemea, yaani msimbo ulioandikwa na wengine ambao programu yako inauita. Na maktaba ikibadilika, panapoumia kwanza ni pale mnapokabidhiana vitu, yaani kwenye hoja za fanksheni. Humu nitaita "kigezo" lile jina lililoandikwa ndani ya fanksheni, na "hoja" ile thamani unayoikabidhi unapoiita. Hoja hukabidhiwa kwa nafasi (ya kwanza, ya pili, ya tatu) au kwa jina. Shikilia tofauti hiyo, maana mengi yaliyo hapa chini yanazaliwa nayo. Mifano yangu mingi ni ya Python kwa kuwa ndiko ninakoshinda.

Kabla ya yote: linganisha matoleo

```
pip freeze > leo.txt
diff jana.txt leo.txt
```

Amri ya kwanza inaandika matoleo ya maktaba zote ulizonazo, ya pili inayalinganisha na orodha ya siku programu ilipokuwa inakwenda. Huna `jana.txt`? Itafute kwenye kontena la zamani ambalo halijafutwa, au kwenye kompyuta ya mwenzako ambako programu bado inakwenda. Kama `requirements.txt` yako, faili la kuorodhesha maktaba unazohitaji, imeandikwa `pandas` (maktaba ya kuchambua majedwali ya data) tu, bila namba, umemtuma mtoto dukani "kanunue unga" bila kusema unga gani. Atakuletea uliopo siku hiyo. Andika namba, jenga upya kwa matoleo ya zamani, programu irudi kazini, ndipo ukae chini utafute chanzo kwa utulivu. Kusaka kosa huku wateja wanapiga simu hakujawahi kumsaidia mtu.

Dalili: "takes from 1 to 2 positional arguments but 3 were given"

```
df.drop("bei", 1)
TypeError: DataFrame.drop() takes from 1 to 2 positional
arguments but 3 were given
```

Usipoteze muda kuhesabu vidole. Umetoa hoja mbili, nayo inasema tatu, kwa sababu Python inakihesabu pia kitu chenyewe, yule `self` wa mwanzo. Ukishajua hilo ujumbe unasomeka: baada ya jina la safu, hairuhusiwi tena kukabidhi chochote kwa nafasi.

Chanzo ni nyota moja. Tangu Python 3.0 ya mwaka 2008, mwenye fanksheni anaweza kuweka `*` katikati ya vigezo, na vyote vilivyo nyuma ya nyota hiyo vinapokea hoja kwa jina tu. scikit-learn, maktaba ya ujifunzaji wa mashine, walianza kutoa maonyo kwenye toleo 0.23 la Mei 2020, kisha wakafunga mlango kwenye 1.0 ya Septemba 2021. pandas waliufunga sehemu nyingi kwenye 2.0 ya Aprili 2023, na `drop` ikawa mojawapo.

Tiba ni `df.drop("bei", axis=1)`, au bora zaidi `df.drop(columns="bei")`, ambayo hata mtu aliyeanza pandas jana ataielewa. Wiki niliyokumbana na badiliko hili nililalamika sana. Sasa nawaunga mkono. Ile `1` ya peke yake ilikuwa haisemi chochote, na kila aliyeisoma ilibidi akumbuke kama ni safu au ni mistari.

Kama msimbo wako una miito ya aina hii mia mbili, usirukie 2.0 moja kwa moja. Panda kwanza hadi 1.5.3, la mwisho katika mfululizo wa 1, na uendeshe majaribio yako hivi (pytest ni chombo cha kuyaendesha):

```
python -W error::FutureWarning -m pytest
```

Kila onyo linageuka kosa, na kila kosa linakuonyesha mstari. Safisha mpaka kimya kitawale, ndipo uvuke. Waliovuka bila hatua hiyo walirekebisha kosa moja, wakaendesha, wakakuta jingine, siku nzima.

Dalili: "got an unexpected keyword argument"

Hapa umetumia jina, kama ulivyofundishwa, na bado umekataliwa. Mara nyingi jina limebadilishwa. Mfano unaowakuta wengi wanaofuata masomo ya zamani ya ujifunzaji wa mashine ni `OneHotEncoder(sparse=False)`. Kigezo hicho kilipewa jina jipya `sparse_output` kwenye scikit-learn 1.2, na jina la zamani likaondolewa kabisa kwenye 1.4.

Lakini ujumbe huu una sura mbili, na watu husahau ya pili. Ukiandika `sparse_output=False` kwenye mashine yenye 1.1, utapata malalamiko yaleyale. Msimbo ni mpya, maktaba ni ya zamani. Kabla hujabadilisha jina, uliza ni nani kati yenu aliyebaki nyuma. Nimeona mtu akibadilisha jina kwenda na kurudi mara tatu kwa sababu kompyuta yake na seva zilikuwa na matoleo tofauti, na kila aliporekebisha huku alivunja kule.

Ikibidi uendeshe matoleo yote mawili kwa muda, usifanye hivi:

```
try:
    e = OneHotEncoder(sparse_output=False)
except TypeError:
    e = OneHotEncoder(sparse=False)
```

Kwa wito huu huenda isikudhuru, lakini ukiizoea utaipeleka kwenye fanksheni zinazofanya kazi nzito, na huko `TypeError` inaweza kutoka ndani kabisa kwa sababu isiyohusiana na jina. Utaimeza, utaita mara ya pili, na utakuwa umeficha kosa halisi. Tazama vigezo vyenyewe kwa `inspect.signature`, au soma namba ya toleo, ndipo uamue.

Wakati mwingine jina limeondoka kwa sababu lilikuwa limebeba maana vibaya tangu awali. `read_csv` ya pandas ilikuwa na `error_bad_lines` na `warn_bad_lines`, kila kimoja ni ndiyo au hapana. Hesabu michanganyiko: minne. Tabia zenye maana ni tatu tu, yaani goma, onya na uruke, au ruka kimya. Mchanganyiko wa nne haukuwa na kazi, ila mtu aliweza kuuandika na kudhani ameagiza kitu. Toleo 1.3 lilileta `on_bad_lines` inayopokea `"error"`, `"warn"` au `"skip"`, na 2.0 ikaondoa vile viwili. Kwa anayetumia ni usumbufu wa dakika tano. Kwa anayetunza maktaba ni onyo kwamba ukijikuta unaongeza kigezo cha pili cha ndiyo-hapana kinachotegemea cha kwanza, tayari unahitaji neno badala yake.

Kuna kinyume cha dalili hii: jina si sahihi na hakuna anayelalamika. Chaguo uliloweka halifanyi kazi, basi. Tafuta `kwargs` njiani. Fanksheni inayopokea majina yoyote na kuchukua inayoyajua tu itameza `harak=True` yako bila kusema neno, nawe utatumia mchana mzima ukidhani kipengele hicho ni kibovu kumbe umekosa herufi moja.

Dalili: "SyntaxError" kwenye mstari ambao hukuuandika

Hii ilitikisa wengi Python 3.7 ilipotoka mwaka 2018. Neno `async` likawa neno lililohifadhiwa la lugha yenyewe, na kila maktaba iliyokuwa na kigezo kiitwacho `async` ikawa haisomeki. Waliotumia tweepy kusikiliza Twitter wanakumbuka: `filter(async=True)` ilibidi iwe `is_async=True`. Ukikutana na kosa hili leo, maktaba yako ni ya kale kuliko Python yako. Isasishe. Hakuna ujanja mwingine wenye manufaa.

Dalili: hakuna kosa lolote, ila majibu si yale

Hapa ndipo penye kazi.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Ninatunza maktaba ndogo ya kutuma SMS kupitia watoa huduma kadhaa. Toleo la kwanza lilikuwa hivi:

```
def tuma(namba, ujumbe, haraka=False):
```

Baadaye watu wakaomba waweze kuchagua jina la mtumaji. Nikaona jina la mtumaji linakaa vizuri karibu na ujumbe, kimpangilio, nikaliingiza katikati:

```
def tuma(namba, ujumbe, mtumaji=None, haraka=False):
```

Majaribio yangu yote yalipita, kwa sababu mimi mwenyewe hutumia majina. Nikachapisha kama toleo dogo. Siku mbili baadaye rafiki anayetunza mfumo wa zahanati moja, wa kuwakumbusha akina mama wajawazito siku za kliniki, akaniandikia: "Kaka, meseji zinatoka lakini hazifiki." Yeye alikuwa anaita `tuma(namba, ujumbe, True)`. Ile `True` iliyokuwa ikimaanisha haraka sasa ikawa jina la mtumaji. Msimbo wangu ukaigeuza kuwa maandishi, mtoa huduma akapokea ombi bila kinyongo, kisha mtandao wa simu ukaukataa ujumbe kwa kuwa hakuna aliyesajili jina la mtumaji liitwalo "True". Hakukuwa na kosa popote kwenye kumbukumbu za programu yake.

Kwa hiyo ukiona tabia imebadilika bila kosa, chukua toleo la zamani na jipya la fanksheni unayoiita, uyaweke sambamba, usome mpangilio wa vigezo kuanzia kushoto. Kigezo kikiingia popote kabla ya mwisho, kila aliyekabidhi kwa nafasi amesogezwa. Python haitalalamika maana haijali aina. Na kwa kuwa `True` ni namba pia machoni pake, hata ukaguzi wa `isinstance(x, int)` utaipitisha.

Chanzo cha pili ni chaguo-msingi kubadilika, na ndicho kigumu kuliko vyote kukigundua, kwa sababu mstari uliobadilika haumo kwenye msimbo wako kabisa. Hukuandika hoja, ukapewa ya kwao, na ya kwao imebadilika. scikit-learn 0.22, ya Desemba 2019, ilipandisha idadi ya miti ya `RandomForestClassifier` kutoka 10 hadi 100, na ikabadilisha njia ya kukokotoa ya `LogisticRegression` kutoka `liblinear` kwenda `lbfgs`. Mwanafunzi aliyesasisha katikati ya tasnifu alipata matokeo mengine bila kubadilisha herufi. Pengine yalikuwa bora, lakini hayakuwa yale aliyokwisha kumwonyesha msimamizi.

Mfano mwingine wa aina hiyo unagusa kazi zetu za kila siku. Wengi husafisha namba za simu hivi:

```
df["simu"] = df["simu"].str.replace(r"\D", "")
```

Nia ni kufuta kila kisicho tarakimu, ili "+255 754-..." na "255754..." zilingane. Hadi mfululizo wa 1 wa pandas, `replace` hii iliuchukulia mchoro huo kuwa kanuni ya kutafuta. Kuanzia 2.0 chaguo-msingi la `regex` ni `False`, kwa hiyo inatafuta mkwaju-nyuma ukifuatiwa na D, haiupati, na inarudisha namba kama zilivyokuja. Programu inaendelea. Kilichovunjika utakiona mbali na hapo, pale unapounganisha majedwali mawili kwa namba ya simu na nusu ya wateja hawapatikani. Tiba ni kuandika `regex=True` waziwazi.

Kanuni niliyojiwekea baada ya hapo: chaguo-msingi ambalo likibadilika litabadilisha jibu, ninaliandika, hata kama leo ni lilelile. Chaguo-msingi linalogusa kasi au mwonekano tu, naliacha.

Chanzo cha tatu ni cha zamani na bado kinanasa watu, nacho ni orodha kama chaguo-msingi:

```
def kusanya(mteja, orodha=[]):
    orodha.append(mteja)
    return orodha
```

Orodha ile hutengenezwa mara moja, fanksheni inapofasiliwa, si kila inapoitwa. Wito wa pili unakuta wateja wa wito wa kwanza. Dalili yake ni ya kipekee: majaribio yanapita moja moja na kuanguka yakiendeshwa pamoja. Tumia `None`, utengeneze orodha ndani.

Na cha nne kinawahusu wanaodhani kuongeza kigezo cha hiari mwishoni hakuwezi kumdhuru mtu. Jaribu hii kwenye JavaScript:

```
["10", "10", "10", "10"].map(parseInt)
// [10, NaN, 2, 3]
```

`map` hukabidhi hoja tatu: kitu, nafasi yake, na orodha nzima. `parseInt` inapokea mbili, ya pili ikiwa msingi wa namba. Kwa hiyo "10" ya tatu inasomwa kwa msingi wa 2, na ya nne kwa msingi wa 3. Sasa fikiria fanksheni yako yenye kigezo kimoja, ambayo watu wameikabidhi kwa `map` miaka yote bila shida. Siku ukiongeza kigezo cha pili, wote hao wanaanza kukikabidhi bila kujua.

Dalili: "module 'numpy' has no attribute 'int'"

Hii si ya hoja moja kwa moja, lakini inakuja mara nyingi mno kiasi kwamba siwezi kuiruka, na huonekana zaidi ndani ya hoja: `x.astype(np.int)`. Jina `np.int` halikuwa aina yoyote ya NumPy, maktaba ya hesabu za namba ambayo wengi huiita `np` kwa kifupi. Lilikuwa `int` ya kawaida ya Python iliyovaa kofia nyingine. Likatangazwa kustaafu kwenye 1.20 ya Januari 2021, likaondolewa kwenye 1.24 ya Desemba 2022. Andika `int` tu, au `np.int64` kama ukubwa una maana kwako.

Ona pia namba. Kutoka 1.23 kwenda 1.24 kunaonekana ni hatua ndogo, ilhali vitu vimeondolewa. Si kila maktaba inaifuata ile kanuni kwamba ni namba ya kwanza tu inayoruhusiwa kuvunja. Soma sera ya maktaba husika kabla hujaiamini namba ya pili.

Lalamiko: "hatukuonywa"

Kuhusu `np.int`, mlionywa karibu miaka miwili. Swali ni kwa nini hamkuona.

Kwanza, Python yenyewe huficha `DeprecationWarning`, onyo la kitu kinachostaafishwa. Tangu 3.7 huionyesha ikiwa tu imezaliwa kwenye faili kuu unaloliendesha, na msimbo mwingi wa kazi haumo kwenye faili hilo. pytest huyaonyesha maonyo hayo mwishoni, lakini nani anasoma baada ya kuona rangi ya kijani? `FutureWarning` ndiyo iliyokusudiwa kumfikia mtumiaji wa mwisho, nayo huonekana bila kuombwa.

Pili, tafuta mstari huu kwenye mradi wako: `warnings.filterwarnings("ignore")`. Upo kwenye daftari nyingi za uchambuzi wa data, seli ya kwanza kabisa, umenakiliwa kutoka daftari jingine lililonakili kwingine. Ni sawa na kuchomoa betri ya king'ora cha moshi kwa sababu kinapiga kelele. Uondoe, uone kilichokuwa kikisemwa.

Tatu, huenda kosa ni la mwenye maktaba. Onyo likitolewa bila `stacklevel=2` huonyesha mstari wa ndani ya maktaba, na msomaji hudhani halimhusu. Likitolewa nayo, huonyesha mstari wake yeye.

Hata hivyo muda mrefu peke yake hauokoi. `Mapping` ilihamishwa kutoka `collections` kwenda `collections.abc` kwenye Python 3.3 ya mwaka 2012. Njia ya zamani ilifungwa kwenye 3.10, mwaka 2021. Miaka tisa, na bado siku ile maktaba chungu nzima zilianguka.

Dalili: inakufa kabla hata ya kuanza

Kama ujumbe unasema moduli iliyokusanywa (yaani iliyokwisha kugeuzwa kuwa lugha ya mashine) kwa NumPy 1.x haiwezi kuendeshwa na NumPy 2, acha kuangalia hoja. NumPy 2.0 ya Juni 2024 ilibadilisha umbo la ndani ambalo maktaba zilizoandikwa kwa C huligusa. Weka `numpy<2` kwa sasa, au sasisha ile maktaba nyingine hadi toleo lililojengwa upya. Wenzetu wa Android wanalo la jamii hiyo: kuongeza kigezo chenye chaguo-msingi kwenye fanksheni ya Kotlin hakuvunji msimbo ukikusanywa upya, lakini maktaba nyingine iliyokwisha kukusanywa itaangukia `NoSuchMethodError`, kwa kuwa kwenye JVM, mazingira yanayoendesha msimbo huo, hiyo sasa ni fanksheni nyingine kabisa.

Ukiwa wewe ndiye mwenye maktaba

Nirudi kwenye kosa langu la SMS. Matengenezo ya haraka yalikuwa kukirudisha `haraka` mahali pake na kukiweka kigezo kipya mwishoni, nyuma ya nyota:

```
def tuma(namba, ujumbe, haraka=False, *, mtumaji=None):
```

Nikachapisha saa ileile, na lile toleo bovu nikalitia alama ya kuondolewa kwenye PyPI, hazina ya maktaba za Python. Sikulifuta, nililiwekea alama tu, kwa sababu aliyekwisha kuliandika kwa namba kamili hastahili kuvunjikiwa mara ya pili.

Bado nilitaka `haraka` pia iwe kwa jina tu, maana `True` ya peke yake ndiyo iliyotuponza. Huwezi kuisogeza nyota ghafla. Nilipitia toleo la kati lenye mlango wazi na mlinzi mlangoni:

```
def tuma(namba, ujumbe, *ziada, haraka=False, mtumaji=None):
    if ziada:
        warnings.warn(
            "Andika haraka=... kwa jina, "
            "nafasi itafungwa kwenye 3.0",
            FutureWarning, stacklevel=2)
        (haraka,) = ziada
```

Mstari wa mwisho unagoma wenyewe mtu akitoa hoja mbili za ziada, na ndivyo nilivyotaka. Angalia pia maneno ya onyo: yanasema ufanye nini na lini mlango utafungwa. Onyo linalosema "hii imepitwa na wakati" bila zaidi ya hapo ni kelele.

Kubadilisha jina la kigezo kuna mtego wake. Tuseme `haraka` iliwahi kuitwa `dharura`. Ukipokea la zamani kwa `dharura=None` kisha ukauliza `if dharura`, aliyeandika `dharura=False` kwa makusudi hutamwona wala hutamwonya. Tengeneza alama yako mwenyewe, `_HAIPO = object()`, uiweke kuwa chaguo-msingi, na uulize `if dharura is not _HAIPO`.

Kama unataka uhuru wa kubadilisha jina baadaye, Python 3.8 ilileta mkwaju. Vigezo vilivyo kabla ya `/` hupokea kwa nafasi tu, kwa hiyo majina yake hayamo kwenye ahadi. Waandishi wa PHP walijikuta upande wa pili wa jambo hili mwaka 2020, PHP 8.0 ilipoleta hoja kwa jina: ghafla kila jina la kigezo lililowahi kuandikwa kivivu likawa la hadharani. Laravel, mfumo wa kujengea tovuti kwa PHP, wanasema wazi kwenye nyaraka zao kwamba majina ya vigezo hayamo kwenye ahadi yao ya kutovunja, na wanaweza kuyabadilisha. Unaweza usiipende sera hiyo, lakini imeandikwa, na maktaba nyingi hazina hata mstari mmoja juu yake.

Utalalamikiwa pia kwa mambo ambayo hukuahidi. Mwaka 2010 glibc, maktaba ya msingi ya lugha ya C kwenye Linux, ilibadilisha namna fanksheni ya `memcpy` inavyonakili kumbukumbu kwenye baadhi ya vichakato vya Intel. Nyaraka zilikuwa zimesema tangu zamani kwamba sehemu mbili za kumbukumbu zisipandane, na zikipandana utumie `memmove`. Flash Player, programu ya kuchezea video na sauti kwenye kivinjari, haikufuata, na watumiaji wa Fedora 14, mojawapo ya mifumo ya Linux, wakaanza kusikia sauti mbovu. Kwa maandishi glibc hawakuwa na kosa. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliingia kwenye mjadala akiuliza hilo linamsaidia nini mtu ambaye sauti yake imeharibika. Mwishowe glibc 2.14 iliipa `memcpy` toleo jipya la alama, ili programu zilizokwisha kukusanywa ziendelee kupata tabia ya zamani. Mimi naelemea upande wa Torvalds kwa maktaba yenye watumiaji wengi. Kwa maktaba ya watu ishirini, nawaandikia wote ishirini.

Kitu cha mwisho nilichoongeza, na ambacho kingenizuia tangu mwanzo, ni jaribio hili, ambalo sasa liko kwa kila fanksheni ya hadharani (hapa saini, yaani orodha ya vigezo, ni ya 3.0, nafasi ikiwa imefungwa):

```
def test_saini_ya_tuma():
    assert str(inspect.signature(tuma)) == (
        "(namba, ujumbe, *, haraka=False, mtumaji=None)")
```

Halipimi kama fanksheni inafanya kazi. Linaanguka tu mtu akigusa mpangilio, jina au chaguo-msingi, na anayetaka lipite lazima alibadilishe kwa mkono wake, ndani ya badiliko lilelile ambalo mwenzake atalipitia. Ukitumia ile alama ya `_HAIPO`, ipe `__repr__` ya kudumu, vinginevyo anwani ya kumbukumbu itabadilika kila unapoendesha na jaribio litaanguka bila sababu. Rafiki yangu wa zahanati naye amebadilisha miito yake yote kuwa kwa majina, ingawa toleo alilonalo bado linamruhusu nafasi.